Mikono ya Kipa

Mimi ni mtu wa nyumbani. Naanza na hilo ili msomaji asingoje safari. Wenzangu tuliomaliza nao kidato cha nne walikwenda Embu mjini, wengine wakafika Nairobi, mmoja akaenda mpaka Mombasa akarudi na miwani ya jua aliyoivaa hata wakati wa ukungu, na kwetu Kibugu ukungu ni karibu kila siku. Mimi nilitembea hadi mwisho wa shamba letu la chai, nikaona mahali msitu wa mlima unapoanzia, nikaona inatosha, nikarudi kunywa uji. Mama aliwaambia wageni kwamba nangoja kuitwa chuo. Baada ya miaka mitatu wageni wakaacha kuuliza, nadhani ni kwa huruma.

Kwa hivyo karibu yote niliyoyajua kuhusu dunia katika miaka ile ya tisini niliyapata kwenye televisheni ya fundi cherehani. Kibanda chake kilitazamana na kituo cha majani chai, pale tulipopanga magunia tukimngoja karani na mizani yake, kisha tukalingoja lori la kiwanda, ambalo lilikuwa na tabia ya kufika baada ya kila mtu kukata tamaa. Televisheni ilikuwa ndogo kama katoni ya sabuni, nyeusi na nyeupe, na ilikula betri ya gari. Fundi aliiwasha Jumamosi alasiri, wakati wa kipindi cha muziki, akaizima haraka ili betri isife kabla ya habari. Ukikosa Jumamosi hiyo, ngoja nyingine. Hakukuwa na namna ya kurudisha picha nyuma. Tuliona kitu kwa dakika nne, tukabishana juu yake siku sita, kila mtu akitetea alichokumbuka, na kufikia Ijumaa tulikuwa tumekumbuka mambo ambayo hayakuwahi kuonyeshwa.

Ndivyo tulivyoifanyia video ya mwanamuziki mmoja mkongwe. Alikuwa mtu wa pande zetu za mlima, mzee tayari, na wimbo wake mmoja ulijulikana na kila aliyewahi kuchuma chai kati ya Embu na Meru. Hasa mwanzo wake. Ni gitaa peke yake, linashuka kidogo kidogo kama mtu anayeteremka njia yenye utelezi, anashika majani ya kando asianguke, halafu anafika chini na ngoma zinaanza. Watu waliupiga mluzi mashambani bila kujua kwamba wanaupiga. Sasa mzee alikuwa ameurekodi upya, safari hii pamoja na picha, na ndani ya picha alikuwa amejaza watu mashuhuri kama viazi kwenye gunia.

Kulikuwa na yule mwanamke aliyesoma habari za Kiswahili jioni. Humo alipita na sinia la soda. Kulikuwa na bondia aliyewahi kurudi na medali. Yeye alifungua mlango wa gari. Kulikuwa na mchekeshaji wa kipindi cha Jumapili, akianguka. Na kuliko wote, kulikuwa na kipa wa zamani wa timu ya taifa, amevaa koti jeupe, ameketi kwenye kiti kirefu na gitaa mapajani. Mwenye wimbo mwenyewe alionekana mara mbili, na mara ya pili alikuwa nyuma ya bondia.

"Yule si bondia," karani wa majani alisema Jumatatu, akining'iniza gunia la mtu kwenye mizani. "Bondia sikio lake la kushoto lilivimba. Huyu ana masikio kama ya mwalimu."

"Alitibiwa," nikasema.

"Sikio halitibiwi."

"Kama mizani yako."

Foleni nzima ikacheka. Karani akacheka pia, lakini siku hiyo gunia langu lilikuwa jepesi kuliko kawaida.

Mama mmoja jirani yetu, aliyekuwa ameketi juu ya gunia lake, akasema, "Mimi sina shida na bondia. Mimi nauliza, yule dada wa habari amefutwa kazi? Mtu anasoma mambo ya rais, halafu anabeba soda?"

"Hiyo ni sanaa, mama," fundi akamwambia kutoka kwenye kibanda.

"Kubeba soda ni sanaa? Basi mimi ni msanii. Nimebeba kuni miaka thelathini na hakuna aliyeniletea kamera."

Lakini mabishano makubwa yalikuwa ya kipa. Kamera ilimwonyesha uso, ikateremka hadi kwenye mikono, vidole vikaupiga ule mwanzo wote bila kukosea, kisha ikapanda tena kwenye uso, naye akatabasamu. Nusu ya foleni ilisema kipa anajua gitaa, na kwamba mtu aliyedaka penalti za Wazambia hashindwi na nyuzi sita. Nusu nyingine ilisema anaigiza tu. Watu walikaribia kushikana mashati. Mimi nilikuwa kiongozi wa upande wa kipa, na nilikuwa hodari, kwa sababu nilijua ukweli na nilikuwa na sababu ya kuuficha.

Mikono ile ilikuwa ya baba yangu.

Kabla sijazaliwa, baba alikuwa katika bendi ya yule mkongwe huko Nairobi, na ule mwanzo aliutunga yeye. Hakuwahi kuniambia, nilisimuliwa vipande vipande na shangazi, kila kipande baada ya kuangalia kwamba mama hayuko karibu. Halafu baba alirudi nyumbani na akaokoka. Katika mkutano wa uamsho, kwenye uwanja wa shule, alileta gitaa lake mbele ya watu, likatiwa moto pamoja na viko vya wazee na vibuyu vya pombe. Mama alikuwa mmoja wa wasichana walioimba mbele siku hiyo. Walioana mwaka uliofuata. Tangu hapo baba alikuwa mtu wa chai na mzee wa kanisa, mwenye ufunguo wa chumba cha mchungaji, na mama akawa kiongozi wa akina mama. Nyumba yetu ilikuwa ya nyimbo za kitabu tu. Hata mluzi ulikuwa wa kitabu.

Kanisani kwetu, mtu aliyeokoka akirudia muziki wa dunia aliwekwa nyuma. Yaani aliketi benchi la mwisho kando ya mlango, hakukaribia Meza ya Bwana, na alibaki pale mpaka akiri kosa mbele ya watu na wazee waridhike. Kila aliyeingia alimpita. Na akifa kabla ya kurudishwa, mchungaji hakuja kumzika. Niliwahi kuona mazishi ya namna hiyo. Walioimba walikuwa watatu, na mmoja alikuwa amelewa.

Miezi michache kabla ya video, ilikuja barua kutoka kwa yule mkongwe. Ililetwa na dereva wa lori la majani, na baba aliisoma akiwa amesimama, akaitia mfukoni. Siku chache baadaye niliingia kwenye kibanda cha zana nikamkuta ameketi juu ya debe, ameukumbatia mpini wa jembe. Vidole vya mkono wa kushoto vilitembea juu ya mti, na kidole gumba kilikuwa kimepanda kutoka nyuma kikibonyeza upande wa juu, kama mtu anayemshika kuku shingoni kwa upole.

"Unafanya nini, baba?"

"Naangalia mpini."

Mpini ulikuwa mzima kabisa. Nilitaka kumtania, lakini aliniambia nifunge mlango.

"Nitakwenda siku tatu," akasema. "Mama yako ataambiwa nimekwenda Kibirichia kutafuta mbegu za viazi."

"Na kweli utakwenda Kibirichia?"

"Nitakwenda Nairobi. Anasema vijana wote aliowajaribu wanaukosea ule mwanzo." Akainamisha kichwa kama mtu aliyesifiwa na hajui aweke wapi uso. "Nataka nionekane mara moja. Mara moja tu watu wajue ni nani. Halafu nitasimama kanisani nitubu yote, hata hili la viazi."

"Baba, unataka kutubu kwa jumla?"

Mimi ndiye niliyecheka. Yeye alikuwa anakunja suti yake, ile ya harusi, anaitia ndani ya gunia na kuweka majani ya migomba juu.

Alirudi siku ya nne akiwa na nusu gunia la viazi alivyonunua sokoni Embu alipokuwa akishuka kwenye basi. Mama alivitazama, akakigeuza kimoja mkononi, akasema, "Hivi ni vya kula." Baba akasema watu wa Kibirichia wanajua kazi yao. Mama akavipanda. Vilitoa vijiti vyembamba vyenye majani manne matano, na kila mara alipovipita alivitazama kwa muda.

Jumamosi video ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza, baba hakuja kwa fundi. Mzee wa kanisa hakai kwenye kibanda akitazama watu wakitikisa viuno. Alibaki nyumbani akirekebisha ua ambao haukuwa umeharibika. Niliporudi alinisikia nikija, lakini hakugeuka mpaka nikasimama karibu.

"Nimeonekana?"

"Umeonekana," nikasema. "Mikono."

"Mikono." Akangoja. "Na uso?"

"Uso ni wa kipa."

Akashika waya wa ua, akauachilia. Akaniambia polepole jinsi ilivyokuwa. Walimwambia suti yake ni nyeusi mno, wakamvika koti lao. Koti lilikuwa kubwa. Alipouliza kama hawatampiga picha ya uso, kijana wa kamera alimwambia, "Uso tumeshachukua, mzee," naye akadhani walikuwa wamemchukua alipokuwa akingoja, kwa hivyo akajilaumu kwamba hakuwa amejitengeneza vizuri.

Na mimi, kwa ile furaha yangu ya mtu ambaye hataki jambo lolote liisumbue nyumba yao, nikamwambia, "Basi hata vizuri. Huna haja ya kutubu. Hakuna aliyekuona."

"Ndiyo," baba akasema. "Hakuna aliyeniona."

Nilikwenda kula. Kulikuwa na githeri na nilikula vizuri. Hilo nalikumbuka sana.

Basi siku zikaenda, na ingebaki hivyo kama si fundi. Fundi hakuwa mtu wa maneno mengi, ila alitazama nguo jinsi daktari anavyotazama ulimi. Siku moja ya majani, tukiwa tumepanga foleni ndefu na lori halijulikani lilipo, alitoka kibandani na futi yake ya kupimia shingoni.

"Sikilizeni," akasema. "Nimeangalia Jumamosi tatu. Kipa akiwa anaonyeshwa uso, mkono wa koti unaishia hapa, kwenye kifundo. Mikono inapokuja, koti linafunika mpaka nusu ya kiganja. Na mtu akikunja mkono, koti hupanda. Haliteremki hata siku moja. Koti ni lile lile, mtu si yule. Hiyo ni mikono ya mtu mfupi."

Hata karani aliacha kuandika.

"Mfupi kama nani?" yule mama jirani akauliza.

"Sijui. Mfupi wa kawaida. Kama..." Fundi akatafuta mfano kwa macho, na mfano aliouona ulikuwa baba, aliyesimama nyuma yangu na gunia lake. "Kama mzee huyu."

Alisema tu. Hakuwa na maana nyingine. Lakini vichwa viligeuka, na mimi nilimwona baba akiinua uso. Sitausahau uso ule. Haukuwa uso wa mtu aliyeshikwa. Ulikuwa uso wa mtu anayeitwa jina lake baada ya kungoja sana kwenye benchi la hospitali.

Mimi sikuona hilo wakati ule, au niliona nikaogopa. Niliona benchi la mlangoni. Niliona mama akivuliwa uongozi. Niliona mazishi ya watu watatu. Kwa hivyo nikafanya kitu pekee ninachokijua duniani.

"Fundi," nikasema kwa sauti, "si wewe uliyemshonea mchungaji suruali ya Pasaka? Mguu mmoja ukafika Meru na mwingine ukabaki Embu?"

Foleni ikapasuka kwa kicheko.

"Mtu wa kupima leo ni wewe? Mchungaji alihubiri siku nzima akiwa amesimama kando ya mimbari ili tuone mguu mmoja tu! Na huyo kipa, kwa taarifa yenu, mama yake ni wa Kibirichia. Gitaa alijifunza huko akiwa mdogo, akilinda viazi visiibiwe. Kidole gumba wanakipandisha hivyo kwa sababu ya baridi."

Niliyatoa wapi? Sijui. Yalikuja yenyewe, na yalipendeza. Watu walishika mbavu. Fundi alisimama kidogo, futi ikining'inia, akarudi ndani akaanza kushona. Wiki iliyofuata nilimsikia mwanamke wa kituo kingine akisimulia habari za kipa na viazi, na alikuwa ameongeza mjomba.

Kicheko kilipopungua, mtu mmoja akamwuliza baba, "Mzee wa kanisa, wewe unasemaje?"

"Mimi siangalii televisheni," baba akasema. Alikuwa akinitazama mimi.

Nilidhani ananishukuru. Hivyo ndivyo nilivyokuwa na akili.

Haukupita mwezi, Jumapili ya Meza ya Bwana, mchungaji akauliza kama kuna mwenye neno la kukiri kabla ya kukaribia. Kwa kawaida alisimama mama mmoja aliyekiri kila mara kosa lile lile, la kumkasirikia mkaza mwanawe, na kila mara tukamsamehe mara moja ili tuendelee. Siku hiyo baba alisimama kabla yake. Alikuwa amevaa ile suti.

"Bwana asifiwe," akasema.

"Asifiwe."

"Ndugu zangu, nilirudi nyuma. Nilidanganya nyumbani kwamba nimekwenda kutafuta mbegu, nikaenda Nairobi, nikashika gitaa. Ule wimbo mnaouona kwenye televisheni, ile mikono ni yangu. Na ule mwanzo wa wimbo, niliutunga mimi, zamani. Natubu."

Mtu fulani upande wa vijana akatoa kile kikohozi cha kuficha kicheko. Mzee mwenzake mmoja akainuka. Alisema kwa upole, na nadhani alikuwa anamtakia mema.

"Ndugu yetu, ile mikono ni ya kipa. Kila mtu ameona. Hata kijana wako ametueleza alivyojifunza."

"Mimi ndiye niliyepiga," baba akasema.

Kiongozi wa kwaya akalichukua gitaa ambalo vijana walipigia nyimbo za kitabu, lililokuwa limeegemea ukuta, akalinyoosha mbele. "Basi mzee apige kidogo, tusikie."

Nilimwona baba akilitazama. Lilikuwa karibu sana, kama hatua mbili. Kulipiga kungemaliza maneno yote. Sauti nne tano za kwanza, na kila mchuma chai mle ndani angejua. Mkono wake wa kushoto ulifunguka, kisha ukafungwa.

"Nimesimama hapa kutubu," akasema. "Siwezi kutubu nikiwa nimelishika."

Sasa kicheko hakikufichwa. Hakikuwa kikubwa. Kilikuwa kile cha watu wanaomwonea mzee aibu.

Mchungaji akainua mkono, akatafuta kwenye mabenchi mpaka akaniona. "Kijana, simama. Wewe ndiye uliyewaambia watu ni kipa. Baba yako alikwenda Nairobi?"

Nikasimama. Mbele kabisa, mama alikuwa ameketi na kitambaa chake cheupe, na hakugeuka. Fundi alikuwa benchi la tatu. Yeye aligeuka. Alinitazama kama anayeshika mkasi na kungoja mwenye nguo aseme akate wapi. Nilijua kwamba nikisema ndiyo, baba atakwenda benchi la mlangoni kwa kosa alilolifanya. Nikajipa moyo kwamba nikisema hapana, watamwona mzee aliyechanganyikiwa kidogo, wamwombee, na tutakwenda nyumbani kula. Sikuweza kusema ndiyo. Sikuweza hata kusema hapana kama mwanamume. Nikasema:

"Mchungaji, mnanijua. Mimi siendi mbali na nyumbani. Mambo ya Nairobi nitayajulia wapi?"

Watu wakacheka, kwa shukrani, kwa sababu nimewapa ruhusa. Nikaketi. Fundi akainamia kitabu chake cha nyimbo.

Wazee walikaa na shauri lao baada ya ibada. Hawakumwonea huruma kama nilivyodhani. Walisema mtu mwenye ufunguo wa kanisa amesimama siku ya Meza ya Bwana, mbele ya mkate, akadanganya ili apate sifa za dunia. Wakamweka nyuma. Kosa lake halikuwa gitaa. Kosa lake lilikuwa kusema kwamba alilipiga.

Nyumbani mama alikuwa akimenya viazi. Alimenya vinne bila kuinua kichwa.

"Kwa hivyo vile havikuwa vya Kibirichia," akasema.

"Havikuwa," baba akajibu.

"Nilijua." Akamenya cha tano. "Nilijua tangu siku ya kwanza."

Ndiye mtu pekee aliyemwamini, na hakulisema hilo mahali pengine popote. Jumapili iliyofuata aliketi mbele, na baba akaketi kando ya mlango. Mimi niliketi katikati, mahali ambapo mtu haulizwi kitu.

Kurudishwa kulikuwa rahisi. Kila baada ya miezi mitatu wazee walimwita, wakamwuliza kama yuko tayari kukiri kwamba mikono haikuwa yake. Kila mara alisema ilikuwa yake. Wakamrudisha benchini kwa masikitiko, kama walimu wanaorudisha daftari. Nilimwambia mara moja, tukiwa shambani, "Baba, waambie tu. Ni neno moja." Akaendelea kuchuma mpaka mwisho wa mstari. Huko mwisho akasema, "Wewe wakati wako wa kusema neno moja ulikuwa nao."

Alizikwa akitokea benchi lile. Tulioimba tulikuwa sita, na fundi alikuwa mmoja wao. Lakini mazishi sio ninayoyaona mara nyingi ninapokaa nyumbani, na kama nilivyosema, nakaa sana. Ninachokiona ni siku moja mjini Runyenjes.

Ilikuwa mwaka mmoja na kitu baada ya ile Jumapili. Tulikwenda, baba na mimi, kuangalia mtamba wa ng'ombe aliyekuwa anauzwa huko. Kwangu ilikuwa safari kubwa na nililalamika njia nzima. Kabla ya kumwona mwenye ng'ombe tuliingia hoteli ndogo ya sokoni kunywa chai. Palikuwa na umeme, na juu ya kabati la mandazi televisheni kubwa, ya rangi.

Ukaja wimbo. Mimi nilikuwa sijawahi kuuona kwa rangi. Koti la kipa halikuwa jeupe hata kidogo. Lilikuwa la manjano hafifu, kama maziwa ya ng'ombe aliyezaa jana. Kamera ikateremka. Mkono wa koti ukafunika nusu ya kiganja, kama fundi alivyosema, na kutoka humo vikatokea vidole vyenye kucha nyeusi, na rangi ya kahawia ya majani chai imeingia kwenye kila mkunjo wa ngozi, ile rangi isiyotoka hata kwa magadi. Kidole gumba kikapanda kutoka nyuma. Kipa gani duniani ana vidole vile? Kwa fundi, kwenye lile sanduku la betri, yote yalikuwa kijivu. Hapa hata kipofu angeona.

Na mezani, mbele yangu, vidole vile vile vilikuwa vimekizunguka kikombe.

Dada wa hoteli alikuwa amesimama na sinia, anatazama. "Huyu kipa, kweli Mungu alimpa," akasema. "Hata wewe mzee unampenda?"

Ndipo mimi, baada ya mwaka na miezi, mbali na kanisa, mbali na foleni, mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kuniuliza, nikasema.

"Dada, hiyo mikono ni ya huyu mzee. Ni baba yangu. Mwangalie."

Alituangalia, mimi kwanza, halafu baba, halafu tena mimi. Sijui uso wangu ulikaaje. Nadhani ulikaa kama unavyokaa siku zote. Akacheka mpaka soda zikagongana.

"Na mimi ndiye yule wa habari," akasema. "Huoni nabeba sinia?"

"Nasema kweli, dada. Baba, mwambie. Mwonyeshe."

Wimbo ulikuwa bado unaendelea. Baba aliiondoa mikono kwenye kikombe, akaiweka chini ya meza, juu ya magoti.

"Mwache, mama," akamwambia dada yule. "Huyu amezoea mzaha."

Dada akaenda zake na soda, bado anacheka. Kipa akatabasamu pale juu ya mandazi. Baba akakisukuma kikombe changu kwangu kwa kiwiko.

"Kunywa chai," akasema. "Mwenye ng'ombe anangoja."

Nikanywa.